Saa ya bibi haikazi: kabla hujamlaumu mtoto

Ujumbe wa wiki hii umetoka kwa mama mmoja wa Daraja Mbili, hapa Arusha. Si aina ya swali ninayoizoea kwenye ukurasa huu, kwa sababu linahusu saa mbovu. Lakini nilipolisoma mara ya pili niliona ndani yake kuna mtoto, kuna urithi wa bibi, na kuna suala la afya ambalo wazazi wengi hawalijui.

Mama mkwe wake alikuwa muuguzi. Alinunua saa ya mkono mwaka 1974 alipoanza kazi, ile ya kutiwa ufunguo kila siku, na akaitumia wodini miaka yote kuhesabu mapigo ya moyo na pumzi za wagonjwa. Alifariki mwaka jana. Saa ikabaki kwa mjukuu wake wa miaka 9, ambaye kila asubuhi kabla ya kwenda shule aliitia ufunguo kama bibi alivyomfundisha.

Wiki mbili zilizopita ufunguo ukaanza kuzunguka tu bila kukaza. Saa ikasimama. Baba akaamua kwamba mtoto ameikaza kupita kiasi mpaka imekatika. Mtoto alichapwa, na tangu hapo hataki hata kuiangalia.

Mama anauliza mambo matatu. Je, ni kweli mtoto ndiye aliyeiharibu? Je, inatengenezeka? Na yale madoa ya kijani kwenye namba, ambayo jirani amemwambia yana sumu, ni salama kwa mtoto?

Tuanze na la kwanza, kwa sababu ndilo linalouma.

Saa "iliyokazwa sana"

Ndani ya saa ya ufunguo hakuna betri. Kinachoiendesha ni utepe mrefu wa chuma uliosokotwa ndani ya kikopo kidogo cha duara. Mafundi wa zamani wanauita kamani, wengine wanasema springi. Ukiunyoosha unaweza kufika kama urefu wa rula ya shule, na wembamba wake ni karibu milimita 0.1. Unapozungusha kile kichwa cha pembeni, unausokota utepe huo. Ukiachia, unataka kujifungua, na nguvu hiyo ndiyo inayosukuma magurudumu.

Kamani haiwezi kusokotwa bila mwisho. Ikijaa, kichwa kinagoma chenyewe. Hapo ndipo unapoacha. Kujaza saa mpaka kichwa kigome si kosa, bali ndivyo saa ilivyotengenezwa itumike. Kinachoweza kuumiza ni kuilazimisha baada ya kugoma, kwa nguvu ya mtu mzima mwenye vidole vigumu.

Maneno "imekazwa sana" yameenea kwa sababu ya jambo moja. Mtu anachukua saa iliyokaa kabatini miaka mingi, anaijaza, haitembei, na kichwa hakizunguki tena. Anahitimisha kwamba ameikaza kupita kiasi. Ukweli ni kwamba saa hiyo imejaa kama inavyotakiwa, ila magurudumu yamekwama kwa vumbi na mafuta yaliyoganda. Nguvu ipo, njia imeziba.

Sasa turudi kwa mtoto wetu. Saa yake haikugoma, inazunguka bila kukaza. Dalili hiyo mara nyingi ina maana moja kati ya mbili. Ama kamani imekatika, ama ncha yake imechomoka pale inaposhikwa ndani ya kikopo. Yote mawili huja kwa uchovu wa chuma, kutu, au uchakavu. Chuma kilichosokotwa na kufunguliwa kila siku kwa karibu miaka 50 kina haki ya kuchoka. Zamu ya kukatika ilimwangukia aliyekuwa ameishika asubuhi ile, na angekuwa bibi mwenyewe ingekatika vilevile.

Kamani za chuma cha kawaida za saa za zamani sana zilijulikana kwa kukatika ghafla, hata saa ikiwa imelala mezani. Kuanzia miaka ya 1940 na 1950 viwanda vilianza kuhamia kwenye kamani za mchanganyiko wa metali zisizoshika kutu kwa urahisi na zisizokatika ovyo. Saa ya 1974 ina uwezekano mkubwa wa kuwa na aina hii. Kwa hiyo huenda hata haijakatika, imechomoka tu. Fundi akifungua atajua kwa dakika chache.

Kwa hiyo jibu langu kwa baba, kwa heshima: hakuna ushahidi wowote wa kosa la mtoto hapa.

Soma dalili kwa vidole vyako

Kabla ya kwenda kwa fundi, unaweza kujua mengi ukiwa nyumbani bila kufungua chochote. Vua saa mkononi, shika kichwa kwa kidole gumba na cha shahada, zungusha polepole kuelekea mbele, na sikiliza.

*Kinazunguka, unasikia mlio mdogo wa tiki-tiki-tiki, lakini hakikazi kamwe.* Kwenye saa ya ufunguo, shuku kamani iliyokatika au kuchomoka, kama nilivyoeleza.

*Kinakaza, lakini ukiachia kinarudi nyuma chenyewe kwa kasi.* Kuna kijino kinachozuia kamani isijifungue ghafla. Kijino hicho, au kaspringi kake, kimevunjika au kimejaa uchafu. Usiendelee kujaribu, kwa sababu kila kinaporudi kwa nguvu kinaweza kuvunja meno mengine.

*Kinateleza, kinakwaruza au kinaruka.* Magurudumu madogo yanayopokea mzunguko wa kichwa yamelika meno, au kuna kutu. Hii ni kawaida kwa saa iliyoingia maji.

*Kichwa kimechomoka na kubaki mkononi.* Usiogope. Mara nyingi skrubu inayoshika mhimili wake imelegea tu, au mhimili umekatika, na ni kazi ya kawaida kwa fundi. Kifunge kwenye karatasi kisipotee, na ziba tundu kwa kipande cha plasta ya karatasi vumbi lisiingie.

*Kimegoma kabisa na saa haitembei.* Saa imejaa. Tatizo liko mbele zaidi, na mara nyingi ni mafuta yaliyokauka. Usilazimishe.

*Inajaa vizuri lakini inasimama baada ya saa chache.* Saa nyingi za ufunguo zikijaa zinatembea kati ya saa 36 na 45. Ikiwa yako inalala kabla ya magharibi, kamani imechoka au magurudumu ni mazito kwa uchafu.

*Inajaa, inatembea, lakini inakimbia mno.* Shuku sumaku. Saa iliyolazwa juu ya spika ya redio, au karibu na sumaku ya mkoba wa simu, inaweza kupata sumaku kwenye springi yake nyembamba kama unywele. Fundi mwenye kifaa cha kuondoa sumaku anaimaliza kazi hiyo kwa sekunde chache.

Kuna dalili moja inayowapeleka watu wengi kwa fundi bure. Baadhi ya saa za zamani si za ufunguo kabisa, ni otomatiki. Zinajijaza kwa mkono unavyotembea, kwa sababu ndani kuna uzito unaozunguka. Seiko 5, ambazo zimejaa mikononi mwa wazee wetu, nyingi za zamani hazijazwi kwa kichwa hata kidogo. Unaweza kuzungusha mpaka kesho. Ishike saa kwa ulalo, itikise taratibu upande kwa upande kwa nusu dakika, halafu ivae. Ikiwa uso wake umeandikwa "Automatic", anza na hilo kabla hujatoa pesa.

Kwa fundi

Mafundi wa saa wamepungua, lakini hawajaisha. Bado wapo wenye meza ndogo ya kioo na lenzi ya jichoni, na ukiuliza wazee wa mtaa au wauza saa wa katikati ya mji utaelekezwa. Tatizo ni kwamba wengi siku hizi kazi yao kubwa ni kubadilisha betri na mikanda. Hakuna ubaya, ila saa ya bibi si ya betri. Muulize moja kwa moja kama huwa anabadilisha kamani na kusafisha saa ya ufunguo yote.

Mambo ya kufanya: piga picha ya saa mbele na nyuma kabla ya kuiacha. Patana bei ya kukagua na bei ya kutengeneza kando kando. Omba upewe kamani ya zamani baada ya kazi, kwa sababu ukiiona imekatika vipande viwili, au imechomoka tu, utajua ulilipia nini. Kamani mpya lazima ifanane na ya zamani kwa upana, unene na urefu. Isipopatikana, fundi atatafuta saa mbovu ya aina ileile aitoe humo. Hilo ni jambo la kawaida, si utapeli.

Kama saa haijasafishwa miaka mingi, kubadilisha kamani peke yake ni kuweka injini mpya kwenye gari lenye oili ya zamani. Nguvu mpya itasukuma magurudumu makavu, na yatalika. Fanya vyote kwa pamoja hata kama itabidi usubiri mwisho wa mwezi.

Mambo ya kutofanya: usitie mafuta ya kupikia, ya cherehani wala ya kupulizia bawaba za mlango. Saa inatumia tone dogo kuliko kichwa cha sindano, mahali maalumu. Mafuta mengine yanasambaa, yanashika vumbi, na vumbi la Arusha wakati wa kiangazi tunalijua. Usiichovye kwenye petroli wala mafuta ya taa. Na usifungue mgongo wake kwa kisu, hasa kwa sababu ninayoieleza sasa.

Yale madoa ya kijani

Jirani hajakosea kabisa. Kuanzia miaka ya 1910 mpaka miaka ya 1960, namba na mishale ya saa nyingi ilipakwa rangi yenye redio, metali inayotoa mionzi, ili zing'ae gizani. Wasichana waliopaka rangi hiyo viwandani Marekani walifundishwa kunyoosha brashi kwa midomo. Wengi waliugua, mifupa ya taya ikaoza, na wengine wakafa. Mwaka 1927 Grace Fryer na wenzake wanne walikishtaki kiwanda huko New Jersey, na mwaka uliofuata wakalipwa fidia. Kesi yao ilisaidia kubadilisha namna wafanyakazi wanavyolindwa dhidi ya mionzi.

Watu wengi hufikiri saa isiyong'aa tena haina madhara. Si hivyo. Kinachokufa ni ule unga unaong'aa. Redio yenyewe inachukua takriban miaka 1,600 kupungua nusu. Saa ya mwaka 1945 bado ina karibu yote iliyopakwa nayo.

Hatari kubwa si kuiangalia saa iliyofungwa. Hatari ni rangi hiyo kukauka, kumeguka na kuwa vumbi, kisha mtu akalivuta puani au mtoto akalipeleka mdomoni. Ndiyo maana saa ya zamani yenye namba za kung'aa haifunguliwi nyumbani, haikwanguliwi, na mtoto haachiwi alale nayo.

Saa ya mama huyu ni ya mwaka 1974, na kufikia hapo viwanda vingi vilikuwa vimeacha redio. Saa nyingi za Uswisi za wakati huo zina herufi T ndogo mbili chini ya uso, kando ya neno "Swiss". Maana yake ni tritiamu, ambayo mionzi yake ni dhaifu na hupungua nusu kila baada ya miaka 12 hivi. Kuanzia miaka ya 1990 zikaja rangi zisizo na mionzi kabisa. Kwa hiyo wasiwasi ni mdogo, ila amwambie fundi mapema kwamba uso una rangi ya kung'aa ili asiupulize wala kuukwangua.

Mwenye saa ya zamani zaidi ya hapo, isiyo na alama hiyo, ana bahati ya kuishi Arusha. Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania ina ofisi na maabara Njiro, na kupima mionzi ni sehemu ya kazi yake. Weka saa kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, uliza hapo, usiitupe jalalani.

Na kwa kuwa tumetaja hatari: saa ya ufunguo ina jambo moja inalozishinda saa nyingi za kisasa, haina betri ya kidonge. Betri hizo, zilizoko pia kwenye rimoti, mizani na midoli, mtoto akimeza ikakwama kooni inaweza kuunguza nyama ndani ya saa mbili. Ukishuku amemeza, usimtapishe na usisubiri aonyeshe dalili. Mkimbize hospitali.

Kwa nini saa hii bado ina kazi

Bibi hakuvaa saa ile kwa urembo. Ilikuwa kifaa cha kazi, na kazi hiyo mzazi yeyote anaweza kuifanya nyumbani.

Mtoto mdogo akikohoa au akipata shida ya kupumua, kipimo cha kwanza cha nimonia ni kuhesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima. Msubiri atulie, asiwe analia wala ananyonya. Mfunue nguo kifuani na tumboni. Tazama kifua kinavyopanda. Kila kinapopanda na kushuka ni pumzi moja. Vipimo vya Shirika la Afya Duniani ni hivi:

Mtoto chini ya miezi 2: pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni nyingi mno.

Miezi 2 mpaka kabla ya mwaka 1: pumzi 50 au zaidi.

Mwaka 1 mpaka kabla ya miaka 5: pumzi 40 au zaidi.

Akifikia idadi hiyo, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Ikiwa sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta pumzi, au hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, au amelegea haamki vizuri, usihesabu tena. Ondoka naye sasa hivi, hata kama ni usiku wa manane. Na msimu wa baridi ya Meru, Juni na Julai, tunapofunga madirisha na kuingiza jiko la mkaa ndani, ndio wakati wa kuwa macho zaidi. Jiko libaki nje.

Je, saa kuukuu inaaminika kwa kazi hii? Tupige hesabu. Saa inayochelewa dakika 10 kwa siku nzima inakosea chini ya nusu sekunde kwa kila dakika. Haibadilishi kitu. Lakini saa iliyoshika sumaku inayokimbia saa nzima kwa siku, dakika yake ni sekunde 57 na kidogo tu. Mtoto wa miezi 8 anayevuta pumzi 51 utamhesabia 49, na utasema yuko salama wakati hayuko. Kwa hiyo saa ya kuhesabia lazima ilinganishwe na simu mara kwa mara. Kama inakimbia mno, au mshale wa sekunde unasitasita, tumia simu mpaka itengenezwe.

Baada ya kurudi kwa fundi

Ijaze mara moja kwa siku, asubuhi, muda uleule, ikiwa imevuliwa mkononi. Ukiijaza ikiwa mkononi unakivuta kichwa kwa upande na mhimili unapinda. Hesabu mizunguko mpaka igome, na ukishajua idadi yake, punguza mwendo unapoikaribia. Kama ina tarehe, usiibadilishe tarehe kwa haraka kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku, kwa kuwa wakati huo magurudumu ya tarehe yameshikana na yanaweza kuvunjika.

Kama nyumbani kuna mzee anayemeza dawa ya presha kila asubuhi, unganisha mambo mawili: saa ikitiwa ufunguo, dawa imemezwa. Ukiikuta saa imelala, muulize kuhusu dawa.

Kuhusu mtoto, ushauri wangu ni mfupi. Baba ampeleke yeye mwenyewe kwa fundi, Jumamosi, wakae wote wawili wakati saa inafunguliwa. Aione kamani kwa macho yake, na amsikie baba akimwambia kwamba hakuwa na kosa. Mtoto wa miaka 9 aliyekumbuka kazi ya bibi kila asubuhi bila kukumbushwa ni mtoto mwangalifu, na adhabu aliyopata imemfundisha kwamba kugusa kitu cha thamani ni hatari. Kesho akivunja glasi au akimeza kitu, ataficha. Na mambo mengi yanayowafikisha watoto hospitali wakiwa wamechelewa huanza na mtoto aliyeogopa kusema.

Saa ikianza kutembea, mrudishieni aendelee nayo. Na siku mdogo wake akikohoa, mwiteni akae pembeni na saa ya bibi, awaambie dakika ikianza na ikiisha, nanyi mhesabu.